Dozi ya Kawaida au Dozi ya Kupimiwa? Ulinganisho kwa Anayesubiri Tiba ya Mionzi ya Ndani

Wiki moja, wagonjwa wawili walikaa kwenye benchi moja nje ya chumba ninachofanyia kazi hapa Kisumu, kila mmoja na faili yake mapajani. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Nyalenda, mama wa miaka 38, aliyetolewa tezi dundumio, ile tezi iliyo mbele ya koo, kwa sababu ya saratani ndogo iliyoonekana mapema. Mwingine alikuwa mzee wa miaka 74 kutoka Njoro, aliyekuja kukaa kwa bintiye Mamboleo. Saratani yake nayo ilianzia kwenye tezi hiyohiyo, ila ilikuwa imeshafika mapafuni. Wote wawili walikuwa wameandikiwa waende Nairobi wakapewe ayodini yenye mionzi. Wote wawili walikuwa wamesoma kwenye simu kwamba kuna madaktari wanaompima kila mgonjwa kwanza ndipo waamue kiasi cha dawa, badala ya kumpa kila mtu kiasi kilekile.

"Sista, sasa mimi niitishe gani?" mwalimu akaniuliza.

Mzee, ambaye sikudhani anasikiliza, akainua kichwa. "Na mimi, binti yangu, hilo ndilo swali langu."

Mwalimu nilimshauri aongee na daktari kuhusu ile dozi ya kawaida, tena ile ndogo, na asihangaike kutafuta pesa za vipimo vya ziada. Mzee nilimshauri asiingie chumba cha dawa kabla hajaelezwa kiasi chake kimefikiwa vipi. Mwalimu alinitazama kana kwamba ninamnyima kitu kizuri ambacho mzee anapewa. Ilinibidi niwaketishe wote wawili na kuwaeleza, na kwa kuwa swali hili linazidi kuja, naliandika hapa kwa kirefu.

Kumeza si kufika

Tiba ya mionzi ya ndani haifanani na ile watu wetu wanayoiita "kuchomwa", inayotolewa na mashine kama zile za Nakuru na Eldoret. Hapa dawa yenyewe ndiyo yenye mionzi. Inamezwa au inaingizwa kwa mshipa, inatembea na damu, kisha inakwenda kukaa pale saratani ilipo kwa sababu seli za saratani hiyo zina kitu kinachoivuta. Seli za tezi dundumio huvuta ayodini, na nyingi huendelea kuivuta hata zikigeuka saratani na kuhamia pafuni au mfupani. Ayodini 131 ikifika hapo hutoa chembe za beta, ambazo haziendi mbali, milimita moja au mbili tu, hivyo zinaumiza jirani wa karibu na kumwacha wa mbali. Hutoa pia miale ya gama inayopenya hadi nje ya mwili, na hiyo ndiyo kamera huiona. Kila baada ya siku 8 nguvu yake inabaki nusu.

Sasa angalia neno "dozi" linavyochanganya watu. Daktari anapoandika, huandika kiasi kinachoingia mwilini: milikyuri 30, 100 au 200. Hospitali nyingine huandika kwa gigabekereli, ambapo milikyuri 100 ni gigabekereli 3.7. Lakini kinachoua saratani, na kinachoumiza figo, tezi za mate au uboho unaotengeneza damu, ni mionzi iliyofyonzwa na kiungo chenyewe, na hiyo ina kipimo chake, grei. Kati ya milikyuri zilizomezwa na grei zilizofyonzwa umesimama mwili mzima wa mtu: figo zake zinatoa dawa kwa kasi gani, uvimbe wake unavuta kiasi gani na kukishikilia kwa siku ngapi.

Mzee wa Njoro alilielewa hili kabla sijamaliza. Amelima mahindi maisha yake yote. Watu wawili wanaopakana wanaweka mfuko mmoja wa DAP kwa ekari. Mmoja anajaza ghala, mwenzake anavuna cha kula tu, kwa sababu udongo wake una asidi na mbolea imekwama humo bila kufika kwenye mzizi. Mfuko ni uleule. "Kwa hiyo mnataka kupima udongo," akasema. Ndiyo, mzee. Dozi ya kawaida ni mfuko kwa ekari. Dozi ya kupimiwa ni kupima udongo kwanza, au angalau kuangalia mahindi ya msimu wa kwanza kabla ya kununua mbolea ya msimu wa pili.

Dozi ya kawaida ilipata wapi heshima yake

Kuna wanaoizungumzia dozi ya kawaida kana kwamba ni uvivu wa madaktari. Hapana. Ndiyo iliyojaribiwa kwa watu wengi zaidi, na kwa baadhi ya wagonjwa ndiyo sahihi kabisa.

Mwaka 2012 yalitoka matokeo ya majaribio mawili makubwa, moja la Uingereza lililoitwa HiLo na jingine la Ufaransa lililoitwa ESTIMABL. Yote mawili yaliuliza swali la watu kama mwalimu wetu: baada ya tezi kutolewa kwa saratani isiyo na hatari kubwa, milikyuri 30 zinatosha kusafisha mabaki, au ni lazima 100? HiLo ilikuwa na wagonjwa 438. Waliopewa kiasi kidogo walifanikiwa asilimia 85, waliopewa kikubwa asilimia 88.9, tofauti ambayo kwa hesabu za watafiti haikutosha kusema kikubwa ni bora. Lakini waliopata madhara walikuwa asilimia 21 upande wa dozi ndogo na asilimia 33 upande wa dozi kubwa. ESTIMABL, yenye wagonjwa 752, ilifika palepale.

Kisha mwaka 2022 Wafaransa walikwenda mbali zaidi. Waliwagawa wagonjwa 776 wa hatari ndogo: nusu walipewa milikyuri 30, nusu hawakupewa ayodini kabisa, wakawa wanafuatiliwa tu. Baada ya miaka 3, asilimia 95.9 ya waliopewa hawakuwa na tatizo, na asilimia 95.6 ya wasiopewa.

Ndiyo sababu mwalimu hakuhitaji kupimwa. Kwa mtu wa aina yake swali lenye uzito ni kama anahitaji dawa hii hata kidogo, na hilo hujibiwa na ripoti ya maabara ya tezi iliyotolewa: uvimbe ulikuwa na ukubwa gani, ulitoka nje ya tezi au la, uliingia kwenye matezi ya shingo au la. Akishaamuliwa kupewa, milikyuri 30 ni kiasi kidogo ambacho hata mwili wake ukikishika vizuri au vibaya, hatari kwa uboho wake ni ndogo sana. Kumweka Nairobi wiki nzima akitolewa damu ili kujua grei ngapi zimefika ni kutumia pesa za karo ya watoto kujibu swali ambalo halitabadilisha chochote.

Hata dawa mpya zilijengwa juu ya dozi ya kawaida. Lutesiamu 177, dawa nyingine yenye mionzi, iliyofungwa na DOTATATE, kitu kinachoipeleka kwenye uvimbe, kwa uvimbe wa nyuroendokrini wa matumbo, yaani saratani ya seli zinazotoa homoni, ilijaribiwa kwa wagonjwa 229 kwenye jaribio la NETTER-1 lililochapishwa mwaka 2017: gigabekereli 7.4, mara 4, kila baada ya wiki 8, kwa kila mtu, awe mnene au mwembamba. Baada ya miezi 20, asilimia 65.2 ya waliopewa walikuwa hawajaona ugonjwa ukisonga mbele, dhidi ya asilimia 10.8 ya wale waliotibiwa kwa sindano za oktreotaidi peke yake. Lutesiamu ya saratani ya tezi dume, ile iendayo kwenye PSMA, protini iliyo kwenye seli za saratani hiyo, ilijaribiwa hivyohivyo kwa wanaume 831 kwenye jaribio la VISION la mwaka 2021: gigabekereli 7.4 kila wiki 6, mpaka mara 6, na wastani wa maisha ukapanda kutoka miezi 11.3 hadi 15.3. Mtu akikwambia dozi ya kawaida haifanyi kazi, mwonyeshe namba hizo.

Jambo jingine la upande huu ni la vitendo, na huku kwetu lina uzito. Dawa hizi huagizwa kutoka nje ya nchi, zinaletwa kwa ndege, na tangu zinapofungwa kwenye chupa zinaendelea kupungua. Ayodini 131 hupoteza karibu asilimia 8 kwa siku, lutesiamu karibu 10. Ndege ikichelewa siku mbili, kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi siyo kilicho ndani ya chupa. Hospitali inayoagiza vidonge vya kiasi kimoja kwa wagonjwa kadhaa wa siku moja hupanga kazi yake kwa urahisi. Inayotaka milikyuri 87 kwa huyu na 140 kwa yule lazima iwe na mpangilio mwingine kabisa na msambazaji wake.

Mahali inapokwama

Shida inaanza pale kiasi kinapopanda. Mzee wetu, mwenye saratani mapafuni, kwa desturi ya hospitali nyingi angeandikiwa milikyuri 150 au 200. Tangu mwaka 1962, Benua na wenzake wa New York waliwafuatilia wagonjwa waliopewa dozi kubwa na kuweka mipaka ambayo bado inafuatwa: damu isipate zaidi ya grei 2, ili uboho usalimike, na saa 48 baada ya dawa, mwilini zisiwe zimebaki zaidi ya milikyuri 120, au 80 ikiwa saratani imetapakaa mapafuni, kwa sababu pafu linalokaa na mionzi mingi linaweza kupata makovu yasiyopona.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliangalia hesabu za wagonjwa waliopimwa na kuuliza: je, wote hawa wangepewa tu milikyuri 200, wangapi wangevuka mpaka wa uboho? Kwa walio chini ya miaka 70, kati ya asilimia 8 na 15. Kwa wenye miaka 70 na zaidi, kati ya asilimia 22 na 38. Isome tena hiyo namba ya mwisho. Kati ya wazee watatu, mmoja huenda anavushwa mpaka na dozi ambayo imeandikwa kwa mazoea. Figo za mtu wa miaka 74 hazisafishi damu kama za mwanawe, na ayodini isiyoshikwa na saratani hutoka kwa njia ya mkojo. Ikichelewa kutoka, inazunguka na damu, na uboho ndio unaolipa.

Upande wa pili wa sarafu ni kijana mwenye figo kali anayepewa 100 akamwaga nyingi ndani ya saa 24, uvimbe ukabaki na njaa. Kila mtu ataandika kwamba saratani yake "haisikii ayodini", kumbe haikupewa ya kutosha.

Ajabu ni kwamba mashine ya kuchoma haiendeshwi hivi. Mgonjwa anayepelekwa kuchomwa hupigwa CT, anawekewa alama kwenye ngozi, mwanafizikia wa tiba anakaa na kompyuta akihesabu kila kiungo kitapata grei ngapi, ndipo mashine inawashwa. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka kwenye agizo lao la mwaka 2013 kwamba tiba yoyote ya mionzi, ya ndani ikiwemo, ipangwe kwa kila mgonjwa peke yake na kuhakikiwa. Na kupima si uvumbuzi wa juzi. Saul Hertz alipompa mgonjwa wa kwanza ayodini yenye mionzi huko Boston mwaka 1941, alifanya kazi bega kwa bega na mwanafizikia. Na mwaka 1946, Seidlin alipoeleza jinsi ayodini ilivyotibu saratani ya tezi iliyosambaa, miongoni mwa walioandika naye alikuwa Marinelli, mwanafizikia ambaye fomula yake ya kuhesabu dozi inajulikana kwa jina lake mpaka leo. Tulianza kwa kupima, tukaacha kwa sababu kupima ni kazi ngumu.

Kupimwa kunahitaji nini, na hakuwezi nini

Kwa ayodini, kupimwa kamili huenda hivi: unapewa kiasi kidogo sana cha majaribio, kisha kwa siku 4 au 5 unatolewa damu mara kadhaa na mwili mzima unasomwa na kamera au mita. Mwanafizikia anachora jinsi dawa inavyopungua, kisha anahesabu kiasi kikubwa kabisa ambacho hakitavuka mipaka. Kwa lutesiamu haihitaji dozi ya majaribio; mzunguko wa kwanza, yaani dozi ya kwanza kati ya zile kadhaa, wenyewe ndio kipimo. Unapigwa skani kwa kamera ya gama saa chache baada ya dawa, kesho yake, na tena siku za mbele, halafu inahesabiwa figo zimepata grei ngapi na uvimbe umepata ngapi. Mpaka uliozoeleka wa figo ni grei 23. Huko Uppsala, Sweden, madaktari waliendelea kuwapa wagonjwa mizunguko mpaka figo zikaribie 23, badala ya kusimama kwenye 4 kwa kila mtu. Wapo walioishia kupata mizunguko zaidi, kwa sababu figo zao zilikuwa zinapitisha dawa haraka, na wapo waliosimamishwa mapema.

Naipenda njia hii, lakini sitaki mtu auze shamba kwa ajili yake bila kujua mipaka yake. Ile grei 23 ya figo ilichukuliwa kutoka kwenye mionzi ya mashine, inayoingia kwa dakika chache, ilhali lutesiamu inatoa mionzi yake polepole kwa siku nyingi. Ni mpaka wa tahadhari. Kuna pia wasiwasi kwamba dozi ya majaribio ya ayodini 131 inaweza kuzubaisha seli zikavuta vibaya dawa yenyewe ikija.

Ushahidi nao umegawanyika. Mwaka 2017 watafiti walilinganisha wagonjwa wenye saratani ya tezi iliyosambaa kutoka hospitali mbili maarufu: Gustave Roussy ya Ufaransa, iliyotumia milikyuri 100 kwa desturi, na Memorial Sloan Kettering ya New York, iliyopima damu na mwili mzima kisha kutoa kiasi kikubwa kilichoruhusiwa. Muda wa kuishi haukutofautiana. Kupima damu peke yake kunakwambia kiasi gani hakitakudhuru. Hakukwambii kama uvimbe wenyewe umepata cha kuuua. Hilo linataka skani ya uvimbe. Kwa hiyo ukiambiwa "tutakupima", uliza watapima nini: damu, figo, au uvimbe.

Mahali ambapo kupima kumeshinda waziwazi ni kwenye ini. Saratani ya ini, ambayo huku kwetu husukumwa na homa ya ini ya B na sumu ya ukungu wa mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, inaweza kutibiwa kwa vijipira vidogo vya kioo vyenye itriamu 90, kitu chenye mionzi, vinavyoingizwa kwenye mshipa wa ini. Jaribio la Ufaransa liitwalo DOSISPHERE-01, lililochapishwa mwaka 2021, liliwagawa wagonjwa 60 wenye uvimbe mkubwa. Kundi moja lilipata hesabu ya kawaida, grei 120 hivi kwa sehemu nzima ya ini inayotibiwa. Jingine lilihesabiwa kwa kuuangalia uvimbe wenyewe, upate angalau grei 205. Uvimbe uliitikia kwa asilimia 36 upande wa kwanza na 71 upande wa pili, na wastani wa maisha ulikuwa miezi 10.7 dhidi ya 26.6. Jaribio ni dogo, lakini tofauti ya namna hiyo siwezi kuipuuza. Anayepelekwa kwa tiba hiyo, popote iwe, ang'ang'anie hesabu ya uvimbe.

Safari ya kilomita 350

Yote haya yanasomeka vizuri ukiwa unaishi Nairobi. Mtu wa Kisumu ana takriban kilomita 350 za kwenda na nyingine za kurudi; wa Nakuru ana 160. Vituo vyenye tiba ya nyuklia anakoelekezwa mgonjwa wa huku, kama Kenyatta, Aga Khan au ile hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa Magharibi, viko huko. Kupimwa siku 5 ni kulala kwa ndugu siku 5 au kulipia chumba. Mlipaji naye lazima aulizwe mapema. Uliza SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, na uliza kwa maandishi, kama skani za kupima zinalipiwa pamoja na dawa au zinatoka mfukoni mwako.

Ukubwa wa dozi unabadilisha pia safari ya kurudi. Aliyepewa milikyuri 30 mara nyingi hurudi mapema. Aliyepewa 150 hukaa kwenye chumba cha kutengwa mpaka mita ishuke, na hata akitoka bado anatoa miale. Matatu ya watu 14 kutoka Nairobi hadi Kisumu ni saa nyingi za kubanana na pengine mama mjamzito au mtoto wa kubebwa. Panga gari la familia, ukae nyuma peke yako, au uombe ubaki Nairobi siku mbili tatu zaidi. Na kama nyumbani mnatumia choo cha shimo, waambie kabla ya tarehe, kwa sababu lile shauri wanalopewa wagonjwa kila wanapotoka chooni, "vuta maji mara mbili", halikuhusu, na wanapaswa kukupa jingine.

Kabla ya mjadala wowote wa dozi, kuna maandalizi, na hapa ndipo nimeona dawa nyingi zikipotea bure. Mwili uliojaa ayodini ya kawaida hauna nafasi ya ayodini yenye mionzi. Chumvi ya mezani nchini Kenya hutiwa ayodini kwa sheria, kwa hiyo kwa wiki moja hadi mbili utaambiwa uiepuke, pamoja na samaki wa baharini, maziwa na mayai. Ngege wa ziwani hana ayodini nyingi kama samaki wa bahari, na mwalimu alipumua niliposema hivyo, lakini apikwe bila chumvi ile. Mzee yeye alikuwa na tatizo kubwa zaidi. Nilipofungua faili lake nilikuta CT ya kifua iliyopigwa wiki tatu nyuma kwa dawa ya kontrasti, ile inayodungwa ili picha ionekane vizuri, na kontrasti hiyo imejaa ayodini. Hakuna aliyemwambia. Hata angepimiwa na wanafizikia bora duniani, wiki ile dawa ingepita tu.

Njia ya katikati

Watu wanadhani ni ama upimwe kama Uppsala ama usipimwe kabisa. Si hivyo. Ukishameza ayodini na kutengwa, wahudumu hukusomea mita ya mionzi wakiwa wamesimama umbali uleule kila mara, ili wajue lini utoke. Namba hizo ni kipimo tayari! Ya kwanza, inayosomwa kabla hujakojoa, ndiyo asilimia 100. Tuseme inasoma 60, na baada ya saa 48 inasoma 12. Mwilini imebaki sehemu moja ya tano. Kama ulipewa milikyuri 150, zimebaki 30, chini kabisa ya ule mpaka wa 80. Ikisoma 40 badala ya 12, zimebaki 100, na dozi yako ijayo lazima ifikiriwe upya. Pia siku chache baadaye utapigwa skani ya mwili mzima, inayoonyesha kama saratani ilivuta au haikuvuta. Kwa lutesiamu, watafiti wa Würzburg, Ujerumani, walionyesha mwaka 2018 kwamba skani moja tu, karibu siku ya nne, inakaribia sana jibu la skani nyingi. Hiyo ni safari moja ya kurudi hospitalini, na mtu wa Nakuru anaweza kuimudu.

Kinachoniuma ni kwamba namba hizi mara nyingi hutupwa. Nilimpokea mama mmoja aliyerudi na saratani miaka miwili baada ya tiba. Barua yake ya kuruhusiwa ilikuwa na mstari mmoja: amepewa ayodini. Haikuwa na milikyuri, haikuwa na mita, wala haikusema skani ilionyesha nini. Jumla ya ayodini ya maisha ina uzito, kwani inapozidi milikyuri 600 madaktari huanza kuhofia saratani nyingine, zikiwemo za damu, na sisi hatukujua hata tuanzie kuhesabu wapi.

Mimi ningechagua hivi

Saratani ya tezi ya hatari ndogo: milikyuri 30 au ufuatiliaji tu, bila kupimwa. Hatari ya kati, mtu mzima mwenye figo nzuri, dozi moja ya 100: ya kawaida inatosha, mradi mita na skani ziandikwe. Iliyofika mapafuni au mifupani, mwenye miaka 70 na zaidi, mwenye figo dhaifu, mtoto, au anayekwenda kwa dozi ya pili au ya tatu: hapo tafuta kupimwa hata kama ni kusafiri, na kama haiwezekani, omba dozi ya chini kwanza ipimwe kwa mita. Lutesiamu: anza na mizunguko ya kawaida, kwa sababu ndiyo iliyothibitishwa, lakini usikubali mzunguko wa kwanza upite bila skani ya figo na uvimbe, hasa kama una kisukari au presha ya muda mrefu. Tiba ya vijipira vya ini: kwa hesabu ya uvimbe tu.

Mwalimu alienda, akapewa 30, akarudi darasani. Mzee alisubiri wiki tano nyingine mpaka kontrasti itoke, jambo lililomkasirisha bintiye kuliko yeye. Hospitali ilikubali kumwanzishia 100 badala ya 200. Binti alibaki Nairobi, na kila asubuhi alipiga simu wodini kuuliza mita inasoma ngapi, akaandika kwenye daftari la shule: tarehe, saa, namba. Daktari alipokaa kupanga dozi ya pili aliomba hilo daftari kabla ya kitu kingine chochote. Sasa kurasa zake tatu zimebanwa kwa stepla mbele ya faili la mzee, juu ya barua ya rufaa.